Mama Klachi Achagua Gari la Gia

Kwa miaka ishirini na saba Mama Klachi alikaa kwenye kiti kisicho na usukani. Alikuwa mwalimu wa udereva, na mwalimu wa udereva kazi yake ni kukaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya akiba, akitazama watu wengine wakiendesha. Mji mzima ulipita mikononi mwake. Daktari wa meno alifundishwa naye, mwenye duka la vifaa vya ujenzi alifundishwa naye, hata askari wa barabarani anayesimama kwenye mzunguko na kukemea watu alifundishwa naye, tena alifeli mara mbili. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Barabarani aliitwa Mama Klachi kwa sababu ya neno alilolipigia kelele kutwa: "Klachi! Klachi kwanza, mwanangu! Utaivunja hiyo gia!"

Basi mambo yakageuka. Mwenye shule akauza magari yote ya gia za mkono, akaleta otomatiki manne yanayong'aa. "Mama, dunia imebadilika," alimwambia ofisini, akizungusha kalamu. Mama Klachi akamjibu kwamba dunia imebadilika lakini vilima vipo palepale, na mwezi uliofuata akastaafu. Walimpa mafao yake, hotuba ndefu na saa ya ukutani. Saa yenyewe ilikwenda mbele dakika kumi kila siku, na mumewe akasema hilo ni la kutarajiwa kwa kitu kilichotoka kwa watu wenye haraka namna ile.

Mumewe ni seremala, na watu wote humwita Fundi, mkewe akiwemo. Ni mtu wa maneno machache na penseli sikioni, na hata akienda kulala mtu lazima amkumbushe kuitoa. Katika ndoa yao kuna utaratibu ambao hawakuuandika popote: Fundi akimwita mkewe "Mwalimu", hali ni shwari. Akimwita "mke wangu", ujue anakaribia kumpinga.

"Nataka gari," Mama Klachi alisema jioni moja wakiwa mezani. "Langu mwenyewe. La gia za mkono. Tena lenye raha kuliendesha."

Fundi akaweka kijiko chini. "Mke wangu, raha haibebi mbao."

"Hilo nalo neno," akadakia wifi.

Wifi ni dada wa Fundi, mshonaji anayekaa nyumba ya tatu kutoka pale, na kila jioni hupita "kuchungulia tu". Uchunguliaji wake huanza sufuria ikiwa jikoni na kuisha sufuria ikiwa tupu. Ulimi wake na mkasi wake vilinolewa kwenye jiwe moja, lakini ni mtu wa moyo, na siku ukiugua ndiye wa kwanza kugonga mlango.

"Wifi yangu," aliendelea, "mchagua jembe si mkulima. Chukua otomatiki kama wenzako, upumzishe mguu."

"Mkulima asiyechagua jembe hulima kwa kucha, wifi."

"Haya. Nikuulize kitu na usinikasirikie. Kufundisha umefundisha, sikatai. Lakini umewahi kuendesha? Wewe mwenyewe, usukani mkononi, kutoka hapa mpaka kule? Isije ikawa mganga hajigangi."

Wakacheka wote, na Mama Klachi akacheka kuliko wote. Kisha akaenda kuosha vyombo, na mikono ikiwa ndani ya maji ndipo kicheko kikamwisha. Leseni yake ilikuwa na umri wa miaka thelathini. Lakini gari la shule lililala shuleni, na yeye alirudi nyumbani kwa miguu. Asubuhi usukani ulishikwa na mwanafunzi, mchana na mwanafunzi mwingine, jioni hivyo hivyo. Mara ya mwisho yeye kushika usukani ilikuwa miaka sita iliyopita, alipolisogeza gari kutoka juani kwenda kivulini. Hatua arobaini, kama zilifika.

Swali la wifi likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tuseme ukweli: mwanamke aliyewaambia watu zaidi ya elfu moja "usiogope" aliogopa. Aliogopa kwamba wifi amesema kweli, kwamba alichokuwa nacho miaka yote ni mdomo tu. Akinunua otomatiki, hakuna atakayejua kamwe kama anajua kuendesha au hajui, na yeye mwenyewe hatajua. Ndiyo maana hakulitaka. Akapangusa sahani ya mwisho, akarudi sebuleni na kutangaza kwamba kesho wanaanza kutafuta.

*

Fundi alikubali kwa sharti moja, nalo alilibeba mfukoni: futi yake ya chuma, ile ya kujikunja. Gari lolote litakalonunuliwa lazima limeze ubao wa futi saba na mlango wa nyuma ufungike. Hakujali injini, hakujali rangi, hakujali mwaka. Kila walipofika penye magari ya kuuzwa, mke alikwenda mbele na mume alikwenda nyuma, wakakutana katikati kuelezana habari mbaya.

Gari la kwanza lilikuwa kigari cha mizigo, cheupe, kama boksi la viatu. Fundi alilipenda mno. Ubao wa futi saba uliingia na nafasi ya kitanda ikabaki. Mama Klachi akakaa karibu na dereva wa pale, wakazunguka mtaa mmoja tu, akarudi ameshika kiuno.

"Hili si gari," alisema. "Hili ni kabati lenye magurudumu."

"Kabati ni kitu kizuri," Fundi akasema, naye kabati ndilo linalomlisha.

La pili lilikuwa jekundu, la milango miwili, limeinama kama linatafuta kitu lilichoangusha. Lilinguruma vizuri na gia zake fupi zilikata kama kisu kwenye sabuni. Mama Klachi alitabasamu kabla hajajizuia. Lakini Fundi aliingia humo kichwa kwanza, na kutoka alitoka kwa awamu: mguu mmoja, mapumziko, mguu wa pili, mapumziko, halafu mwenye gari na mpita njia mmoja wakamvuta. Futi ya chuma hata haikutolewa mfukoni.

Halafu wakaangukia kwa dalali. Huyu alikuwa na uwanja mpana wenye bendera ndogondogo, na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Akawapeleka moja kwa moja kwenye otomatiki refu lenye vioo vyeusi.

"Mama, hili ndilo lako," alisema. "Hili linajiendesha lenyewe. Wewe unakaa tu."

"Miaka ishirini na saba nimekaa tu," Mama Klachi akasema. "Una la gia?"

Dalali akamgeukia Fundi, kama mtu anayetafuta mkubwa wa kuzungumza naye. "Mzee, wanawake wengi gia huwasumbua."

"Sijui," Fundi akajibu akijikuna kwa penseli yake. "Mimi nilifeli klachi, yeye ndiye mwalimu. Muulize."

Lilikuwapo moja la gia, nyuma ya mengine, limefunikwa turubai. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini lile hata kutembea lilikuwa haliwezi. Mama Klachi alimwambia dalali aliwashe na aachie klachi polepole. Gari halikusogea mpaka mguu wa mtu ulipokuwa umekaribia kutoka kwenye pedeli kabisa. Akainua mkono.

"Zima. Klachi inayoshika juu hivyo imekwisha. Na gia ya pili umeiingiza mara mbili, mara ya kwanza imekataa. Ulitaka kuniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Mama, wewe ni makanika?"

"Hapana," alisema, na hakuongeza neno. Angeongeza nini? Kwamba ni dereva? Neno lilifika mdomoni likarudi. Wakatoka pale wakitembea, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kutafuta, Mama Klachi hakuwa na la kusimulia njiani.

*

Daktari wa meno ndiye aliyewaokoa. Alimwona Mama Klachi kwenye foleni ya benki, akamwamkia kwa heshima ya mwanafunzi aliyewahi kugonga ukuta wa shule, na aliposikia habari akapiga kofi paja lake.

"Kuna mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, ana kigari cha gia, cha manjano. Kizuri sana. Ila hauzi."

"Anauza au hauzi?"

"Anauza, ila si kwa kila mtu. Watu watatu wamekwenda na pesa mkononi, wamerudi nazo."

Walimkuta mzee kwenye kibaraza, fimbo kati ya magoti, viatu vimefungwa kamba sawasawa kana kwamba alizipima. Kigari kilikuwa chini ya kibanda cha mabati. Manjano yake yalikuwa ya kiini cha yai la kienyeji, na Fundi, ambaye hupenda vitu vya rangi ya mbao, alifumba jicho moja. Kilikuwa na milango mitano, kifupi lakini kimeinuka vya kutosha kuvuka tuta bila kulamba ardhi. Mzee alikuwa amekiendesha tangu kikiwa kipya, amekwenda nacho kupima mashamba kwenye njia ambazo mbuzi huzifikiria mara mbili.

"Nimefanyiwa upasuaji wa nyonga," alisema. "Ya upande wa klachi. Daktari amenikataza. Kwa hiyo nauza, lakini nauza kama mtu anayeoza binti. Wa kwanza alikuja hapa akaendesha mkono wake umelala juu ya gia kama ameegemea meza ya baa. Nikamwambia asante. Wa pili hakuutoa mguu kwenye klachi njia nzima, utadhani anashona cherehani. Asante. Wa tatu akaniambia ataking'oa kile kiti cha nyuma aweke spika. Huyo sikumwambia hata asante."

Fundi akaomba ruhusa, akafungua mlango wa nyuma. Mzee akamwonyesha namna viti vya nyuma vinavyokunjwa vikalala bapa, na jinsi cha abiria kinavyoegemezwa mpaka kikagusana navyo. Futi ya chuma ikatoka mfukoni ikaingia garini mpaka kwenye dashibodi. Fundi akaisoma, akafuta vumbi, akaisoma tena.

"Saba na inchi nne," alisema. Halafu akamgeukia mkewe na uso wa mtu aliyeona mwezi. "Mwalimu. Saba na inchi nne."

Mama Klachi alikuwa ameinama anaangalia tairi, chini ya injini, pembe ambazo kutu hupenda kujificha. Kila kitu kilikuwa kisafi. Aliinuka akijua tayari kwamba anakitaka. Kukitaka ndiko kulikomtisha. Kama angekuwa hakitaki, angeshindwa na kurudi zake nyumbani.

"Haya, Mwalimu," mzee akasema, ameshasikia jinsi Fundi alivyomwita. "Tukaone." Akamtupia funguo.

Akazidaka vizuri. Akazunguka gari, akafungua mlango, akakaa, akafunga mkanda, akaweka mikono mapajani na kusema kwa sauti yake ile ya kazini, "Rekebisha vioo kwanza."

Mzee alikuwa bado amesimama nje, amemwinamia dirishani.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hapo ulipokaa ndipo pangu."

Alikuwa amekaa kiti cha abiria. Funguo mkononi, mkanda kifuani, mguu umeshakanyaga mahali ambapo breki ya akiba ingekuwapo kama lingekuwa gari la shule. Fundi alijifanya anakagua kitasa. Mama Klachi akashuka, uso unamwaka moto, akahamia upande wa usukani. Mzee akaketi kando yake na fimbo yake, Fundi akaingia nyuma.

*

Gari likawaka mara moja. Injini yake ilikuwa ndogo yenye kiherehere, inatetemeka kidogo kama mtoto anayesubiri kutumwa dukani. Mama Klachi akashika usukani. "Klachi," alisema. "Gia ya kwanza. Vioo. Achia polepole, polepole, ongeza mafuta..."

Gari likaruka kama chura likazimika.

Hutokea hata kwa mabingwa, alijiambia. Akawasha tena. "Klachi. Kwanza. Vioo. Polepole..." Wakatoka getini, wakafika kwenye barabara kubwa, akasimama kupisha lori. Lori likapita. "Klachi. Kwanza. Achia..." Likazimika tena, pua ikiwa barabarani, na gari la nyuma likapiga honi ndefu.

Miaka yote amesikia honi za namna ile, na kila mara alimwambia mwanafunzi asizijali. Sasa ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Jasho likamtoka. Mzee alikuwa anatazama nje kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko honi.

"Mwalimu," mzee akasema hatimaye, "kama leo si siku nzuri, hakuna ubaya."

Alijua maana yake. Ile ndiyo "asante" ya mzee, inavaa viatu ili ije. Mganga hajigangi. Wifi alisema kweli, na hiki kigari kitarudi kwenye kibanda chake, na yeye atakaa kiti cha abiria mpaka atakapozikwa. Akawasha gari, midomo ikaanza tena: "Klachi. Gia ya—"

"Mke wangu," sauti ikatoka nyuma.

"Nini?"

"Nyamaza."

Akageuka mzima mzima. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa neno hilo halikuwahi kutoka kwenye kinywa kile. "Umesemaje?"

"Nimesema nyamaza. Unamfundisha nani? Humu hakuna mwanafunzi." Fundi alizungumza taratibu, kama anayepima kabla ya kukata. "Nimekuangalia. Unasema 'klachi', halafu mguu ndio unakwenda. Mguu wako unasubiri kuambiwa. Mimi nikipiga randa sisemi 'piga randa.' Nikisema, nitajikata."

Honi ikapigwa tena. Mama Klachi akageukia mbele. Akafunga mdomo, na kwa mtu kama yeye kufunga mdomo ni kazi ya mwili mzima. Meno yakauma ulimi. Hakusema klachi. Mguu ukasubiri, ukasubiri, haukuambiwa kitu, na halafu, kama mtu aliyechoka kusubiri mgeni akaamua kula, ukashuka wenyewe.

Gari likaondoka laini kabisa.

Gia ya pili iliingia kabla hajaiwaza. Ya tatu ikafuata. Barabara ikafunguka mbele yao, na kile kigari kikanyoosha sauti yake kana kwamba kwa miezi yote kibandani kilikuwa kimeiweka akiba. Ikaja kona. Akashusha gia, injini ikapanda kidogo kumpokea, gari likazunguka kona limeshika barabara kama gundi, akakanyaga mafuta upande wa pili na mgongo wake ukasukumwa kitini. Akacheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, bila mtu kusema kichekesho. Alikuwa anajua! Alikuwa anajua kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. Mikono ilijua, nyayo zilijua, masikio yalijua ni lini injini inaomba gia nyingine. Miaka ishirini na saba ya kusikiliza magari ya watu ilikuwa imemwingia yote, ikajaa, ikangoja mdomo upumzike ili itoke.

Mzee aliacha kutazama nje. Sasa alikuwa anatazama mikono yake.

"Pinda pale," alisema. "Kwenye kilima cha tangi la maji."

Hicho kilima kila dereva wa mji ule anakijua, na wengi wamekililia. Ni kifupi lakini kimesimama. Katikati yake mzee akamwambia asimame, akashuka na fimbo yake, akatoa kiberiti mfukoni. Mama Klachi alimwona kwenye kioo akiinama kwa shida, akikiweka nyuma ya tairi, akifumba jicho moja kukipima kana kwamba anaweka jiwe la mpaka. Hakuhitaji kuelezwa. Huo mtihani yeye mwenyewe alikuwa amewapa watu mamia: gari lirudi nyuma kidogo tu, kiberiti kinabonyea, na mtihani umeanguka. Kila mara aliwaambia, "Ni kiberiti tu, mwanangu, mbona unalia?" Leo alielewa kwamba si kiberiti tu. Akawaomba radhi wote moyoni, hasa askari wa kwenye mzunguko.

Fundi nyuma alikuwa ameacha kupumua.

Mama Klachi akaachia klachi mpaka aliposikia gari linataka kwenda, ule mtetemo mdogo unaopanda kwenye unyayo, boneti ikainuka kidogo. Akashusha breki ya mkono. Kwa nukta moja gari lilining'inia pale, si mbele wala si nyuma. Kisha likapanda. Likapanda moja kwa moja, bila kurudi hata upana wa unywele, mpaka alipolisimamisha juu penye usawa.

Mzee alikuja kwa miguu, polepole, kiberiti kiganjani. Akakitikisa karibu na dirisha, na njiti zikalia ndani yake, zote nzima. Akaketi, akafunga mkanda.

"Endelea," alisema.

"Wapi, mzee?"

"Popote. Miaka yote nimekiendesha mwenyewe, sijawahi kukisikia kutoka upande huu. Nataka nikisikie leo."

Wakaendelea. Walikwenda mpaka nje ya mji na kurudi kwa njia ya mawe, na hakuna aliyesema neno isipokuwa Fundi, aliyesema mara moja, "Aa," walipovuka tuta. Mbele ya kibanda cha mabati Mama Klachi alizima injini na kutoa funguo ili amrudishie mwenyewe. Mzee hakunyoosha mkono.

"Za nini tena?" akauliza. "Kaa nazo. Asubuhi za baridi gia ya pili hununa kidogo. Usiilazimishe."

"Hata mimi asubuhi hununa," Mama Klachi akasema, akizifumbata funguo kiganjani. "Tutaelewana."

Mzee akashuka upesi kuliko nyonga yake ilivyotaka, akaingia ndani kutafuta karatasi, na alichukua muda mrefu huko ndani kuliko karatasi zinavyohitaji. Fundi akautumia muda huo kusogea mbele kati ya viti.

"Mwalimu," alisema, "nilikuwa sijui."

"Hata mimi, Fundi," akajibu, na machozi yakamtoka bila haya.

*

Siku ya kukichukua, baada ya saini na mihuri yote, wifi naye alikwenda, kuchungulia tu. Alikaa nyuma katikati, mikono imeshika viti vyote viwili vya mbele, mkoba kifuani, na kwa robo nzima ya saa alitoa maoni juu ya rangi. Kwenye mteremko wa kwanza akanyamaza. Kwenye mteremko wa pili akaachia kiti kimoja. Walipoingia mjini alikuwa ameegemea nyuma, anapungia watu mkono kama bibi harusi.

Kwenye taa za barabarani, mbele yao kulikuwa na gari la shule moja ndogo, iliyobaki na gia za mkono, herufi kubwa nyekundu mgongoni. Taa ikageuka kijani. Gari la shule likaruka, likazimika. Likawashwa, likaruka, likazimika. Foleni nzima ikaanza kupiga honi, na kupitia kioo ilionekana shingo ya mwanafunzi, imelowa, imezama kati ya mabega.

"Wifi!" Wifi akampiga begani. "Mtolee sauti! Fungua dirisha umwambie! Klachi!"

Mama Klachi alikuwa na mkono mmoja juu ya usukani na mwingine pajani. Hakufungua dirisha wala hakupiga honi.

"Yule ana mwalimu wake, wifi," alisema. "Mimi ni dereva."

Mwanafunzi akajaribu mara ya tatu, gari likakubali, likaenda zake likiyumba. Mama Klachi akaingiza gia ya kwanza, kimya kimya, wakaondoka.